Seli Saba za Namba 58

Jumatatu, Machi 9

Mvua imeanza leo saa nane mchana, wiki nzima kabla ya siku aliyoitabiri kaka yangu Ebenezeri, na nitahakikisha anaambiwa. Dari la maabara linavuja pale pale linapovuja kila mwaka. Tumeweka ndoo.

Daktari Fabian, kiongozi wa utafiti wetu, anataka kila mmoja aweke kumbukumbu za msimu huu, kwa sababu masika yaliyopita sampuli kumi na moja ziliharibika na hakuna aliyeweza kueleza zilivyoharibika. Rejista ina nafasi ya namba, saa na idadi. Mengine nitayaandika humu.

Kazi yenyewe naweza kumweleza mtu yeyote kwa dakika mbili, na nimeshaieleza kanisani, sokoni Himo na hata msibani. Mtu akiwa na saratani ya umio, ya tumbo au ya utumbo, kuna seli chache zinazobanduka kwenye uvimbe na kuingia katika damu. Zinatangatanga. Daktari akishaukata uvimbe, swali linalobaki ni kama kuna zilizosalia njiani. Tunachukua damu, tunaichuja, tunaipaka rangi, kisha mimi naingia chumba cha giza na hadubini yangu. Kiini cha kila seli kinang'aa buluu. Seli nyeupe za damu zinang'aa nyekundu. Hizo ni wenyeji, tunazipita. Ninayoitafuta ina buluu na kijani, haina nyekundu. Kijani ni alama ya seli za ngozi na za kuta za ndani ya mwili, ambazo hazina shughuli yoyote ndani ya damu. Kwa mtu mwenye afya tunatarajia sifuri.

Sampuli hazina majina, zina namba. Wagonjwa hawapewi majibu, kwa sababu kipimo chenyewe ndicho kinachochunguzwa na bado hatujui kinasema nini. Kanuni hiyo niliisaini na ninaipenda. Kaka Ebenezeri ni mmoja wa wagonjwa hao. Alikatwa utumbo mpana Januari. Sijui namba yake na sitaki kuijua.

Jumanne, Machi 10

Mvua. Sampuli tatu: sifuri, sifuri, moja.

Ijumaa, Machi 13

Nimepanda Kirua Vunjo na Primus, dereva wetu, kufundisha kwenye zahanati itakayotusaidia. Wagonjwa wa huko waliokwishafanyiwa upasuaji hawashuki Moshi wakati wa masika. Wana maharage ya kupanda na barabara ni utelezi. Kwa hiyo damu itachukuliwa huko huko, na Primus ataileta. Muuguzi anaitwa Sista Magdalena, mama mpole ambaye humuuliza kila mzee habari za ng'ombe kabla ya kumuuliza habari za ugonjwa. Foleni yake haiendi, lakini hakuna anayelalamika.

Nilipanga mafunzo ya saa mbili. Wingu likashuka, Primus akaanza kuzunguka gari akitazama magurudumu, nikamaliza kwa dakika thelathini na tano. Tyubu mbili kwa kila mgonjwa. Ya kwanza inatupwa, ya pili inakuja kwangu, isiwekwe kwenye barafu, ifike ndani ya saa sita. Magdalena aliandika yote kwenye daftari.

"Hiyo ya kwanza tunaitupa kabisa?" aliuliza.

Nikamwambia ndiyo, ndivyo kanuni inavyosema. Akasema sawa. Tulifika Himo kabla mvua haijakolea, na nilijisifu moyoni kwa kutumia muda vizuri.

Jumapili, Machi 22

Baada ya ibada nilipanda Kirua kwa kaka. Yeye ana miaka sitini na mitatu, mimi arobaini na saba, na tangu baba afariki ananiuliza kama nimekula kana kwamba bado naenda shule. Nilimkuta amekaa barazani anachambua mbegu za maharage.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekula?"

Nimemkumbusha kuhusu mvua na tarehe yake. Akasema mvua ndiyo iliyokosea. Amekonda, lakini sauti ni ile ile ya kwaya. Nikamuuliza kuhusu kemo, zile dripu za dawa ya saratani. Daktari alimwambia tangu Februari kwamba kwa hatua yake ya ugonjwa dripu ni hiari: zinaweza kumsaidia kidogo, na akizikataa hajafanya kosa.

"Hiari, Aikaeli," alisema. "Kwenye ndoa na kwenye kodi sijawahi kusikia hiari. Nimepewa, nimeitumia. Nimekataa."

Wifi yangu Mektrida, aliyeolewa kutoka Kilema miaka thelathini na minane iliyopita na bado tunamwita mgeni kwa utani, aliniletea kadi ya kliniki nimsomee tarehe ya kurudi. Namba ya utafiti ilikuwa imeandikwa juu kwa kalamu nyekundu. 58. Nilisoma tarehe, nikamrudishia kadi.

Jumatano, Machi 25

Sampuli za zahanati ya juu zimeanza kufika. Wiki ya kwanza zilikuwa sifuri na moja. Wiki hii: nne, mbili, tano. Nimemwambia Daktari Fabian kwamba wagonjwa wa huko huchelewa kufika hospitali, kwa hiyo ugonjwa huwa umeshaenea. Akasema inawezekana. Ni maelezo mazuri, na nimeyaandika kwenye rejista.

Jumamosi, Machi 28

Umeme umekatika saa tano. Jenereta limekohoa mara mbili likanyamaza. Ndoo ya pili.

Jumanne, Machi 31

Namba 58, ya kutoka juu. Saba.

Nimehesabu mara mbili, nikatoka, nikanywa chai, nikarudi nikahesabu mara ya tatu. Saba. Tatu zimekaa pamoja, nne mbalimbali, kubwa, bapa kidogo, kijani kisichobishaniwa. Miezi miwili na nusu baada ya upasuaji. Nimeandika 7 kwa mwandiko ule ule ninaowaandikia wengine. Kisha nikaenda kusuuza kikombe.

Alhamisi, Aprili 2

Nimemuuliza Daktari Fabian, kwa mfano tu, mtafiti afanye nini akiona idadi kubwa kwa mgonjwa aliyekataa dawa. Hakuinua kichwa.

"Kwa mfano tu," alisema, "mtafiti atakumbuka kwamba hatujui idadi hiyo inamaanisha nini. Tungejua, tusingefanya utafiti." Kisha akainua kichwa. "Ni nani, Aikaeli?"

"Hakuna."

Amenitazama kidogo, halafu akarudi kwenye karatasi zake. Ni mtu mwema lakini mkavu, na leo nimemchukia kwa kuwa sahihi.

Jumatatu, Aprili 6

Siku ya pili ya Pasaka. Familia yote ilikuwa kwa kaka, mvua ikinyesha kwenye migomba bila kupumzika. Kaka alimchinja mbuzi mwenyewe, ingawa tulimkataza. Alipiga goti pale na bakuli, akaikinga damu yote hadi tone la mwisho kwa ajili ya kisusio, supu yetu ya damu, akawa anamkemea mpwa wetu aliyesukuma bakuli kwa mguu. Supu ilikuwa nzuri. Sikuweza kuimaliza.

Nilimfuata nyuma ya nyumba alipokwenda kunawa.

"Kaka, zile dripu. Kazipokee."

"Hayo tumeshayaongea."

"Nimeona damu yako."

Akaendelea kunawa. "Mlisema haina jina."

"Haina. Ina namba."

"Ukaona nini?"

"Seli saba."

Ilibidi nieleze saba ni kitu gani. Alisikiliza kama anavyomsikiliza bwana shamba, kichwa pembeni. Kisha akauliza mtu mwenye afya anatakiwa awe na ngapi.

"Hata moja asiwe nayo."

"Na una hakika?"

Nilimjibu kwa sauti yangu ya kazini. Nikamwambia nimehesabu mara tatu. Alikung'uta maji mikononi, akasema mahindi ya shamba la chini bado hayajapandwa. Nikasema Jesse, mwanawe, atatoka Arusha apande. Akasema Jesse hajui hata shamba linaanzia wapi. Halafu akasema basi, ataenda Jumanne ya wiki ijayo, na nisimwambie Mektrida hesabu, nimwambie daktari amebadilisha mawazo tu. Lakini Mektrida alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Nimesikia saba. Ataenda."

Nimevunja kanuni niliyoisaini. Naandika hapa kwamba sijutii hata kidogo.

Jumanne, Aprili 14

Dripu ya kwanza. Zitakuwa nane, kila baada ya wiki tatu, na vidonge katikati. Nilipita wodini mara moja, dakika tano, nikampungia mkono. Nilikuwa na sampuli sita mezani.

Ijumaa, Aprili 17

Mvua. Za juu tena: tatu, sita.

Jumanne, Aprili 21

Wifi amepiga simu. Kaka hawezi kugusa kitu cha baridi. Akigusa maji ya bomba vidole vinamchoma kama ameingiza mkono kwenye siafu. Huko juu kila kitu ni baridi mwezi huu, hata kitasa cha mlango. Mektrida anamvalisha soksi mikononi.

Alhamisi, Aprili 23

Barabara imekatika chini ya Kirua. Primus ameibeba damu kwa miguu hadi ng'ambo, akakodi pikipiki, amefika zikiwa zimepita saa tano na dakika hamsini tangu ichukuliwe. Suruali yake ni tope hadi kiunoni. Sampuli zote nzima. Nimempongeza, akasema nimnunulie sabuni.

Jumapili, Aprili 26

Nimekwenda kwa kaka. Hakuniuliza kama nimekula.

Ngozi ya viganja inambanduka. Amekaa jikoni karibu na moto na sweta mbili, na mtori wa ndizi aliopikiwa umepoa mbele yake. Jesse alipanda mahindi ya chini kwa siku moja na nusu, mistari imepinda, na kaka alikwenda kuitazama akiwa ameshikiliwa na Mektrida. Tangu nimefahamu dunia, huu ni msimu wa kwanza ambao hakupanda kwa mkono wake. Nilisema ni msimu mmoja tu. Akasema ndiyo, na umri wake wote ni wa msimu mmoja mmoja.

Njiani nikishuka nilijiambia kwamba dawa kali ndiyo inayofanya kazi. Huwa nawasikia ndugu wa wagonjwa wakiambiana hivyo kwenye benchi la nje, na huwa nawahurumia.

Jumanne, Mei 5

Dripu ya pili. Alitapika kabla haijaanza, alipoona kiti.

Ijumaa, Mei 8

Mvua nyepesi. Tumeanza kundi la watu wenye afya, ili tuwe na wa kulinganisha nao. Namba zao zinaanzia 900. Huko juu Magdalena anawachukua wake na waume wa wagonjwa, kwa kuwa wapo tayari kwenye foleni. Wifi ameniambia naye ametoa.

Jumanne, Mei 12

Sampuli tatu za wenye afya kutoka juu. 901: nne. 902: sita. 903: tisa.

Moja ya hizo ni ya Mektrida. Kwa muda wa robo saa hivi niliamini kwamba wifi yangu naye ana saratani, nikaanza kupanga nitamwambiaje kaka. Ndivyo nilivyo siku hizi. Kisha nikawaza kama mtu aliyelipiwa ada ya shule. Watu watatu wazima, wanaolima na kukamua, hawawezi kuwa wagonjwa wote kwa pamoja. Nikachukua wenye afya watano wa hapa mjini: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.

Nikafungua rejista tangu Machi. Za mjini upande huu, za juu upande huu. Wiki ya kwanza ya huko juu, sifuri na moja. Kuanzia wiki ya pili hakuna hata sifuri moja. Nilikuwa na maelezo, na nilikuwa nimeyaandika kwa wino.

Jumatano, Mei 13

Nimepanda na Primus asubuhi. Sikumwambia Sista Magdalena nimefuata nini. Nilimwomba anichukue damu mimi mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kama anavyowachukua wengine.

Akaniuliza kwanza habari za nyumbani. Akafunga mpira, akapapasa mshipa, akachoma. Ana mkono mwepesi kuliko wa mtu yeyote kwenye hospitali yetu. Tyubu moja ikajaa. Akafungua mpira, akanibandikia pamba, akachukua lebo iliyoandikwa "ya pili", akaibandika kwenye tyubu hiyo hiyo.

"Ya kwanza iko wapi, Sista?"

Halafu akavuta kiti.

"Dada Aikaeli, sikufichi. Wiki ile ya kwanza nilitoa mbili. Kuna mzee aliyekatwa tumbo, mikono imebaki mifupa, akaniona naimwaga ile ya kwanza kwenye ndoo. Akaniuliza, Magdalena mwanangu, hiyo damu yangu ndiyo unaimwaga hivyo? Sisi huku hata ya mbuzi hatumwagi. Akaenda kuwaambia wenzake. Wiki hiyo kati ya watu saba wakaja wawili tu. Wiki iliyofuata nikaona bora nitoe moja tu, nao wakaanza kurudi. Damu si ni ile ile, mshipa si ule ule? Nikabandika ya pili kwa sababu fomu inataka ya pili."

"Nilikwambia ya kwanza inatupwa."

"Uliniambia. Hukuniambia kwa nini. Nikadhani ni utaratibu tu wa wakubwa, kama zile fomu za rangi tatu."

Nilipanda nikiwa na hasira iliyokwisha kupangwa, na maneno yake nilikuwa nimeshayachagua kwenye gari. Nikayaacha. Nikamweleza. Sindano ikipita kwenye ngozi inakwangua seli chache, na damu ya mwanzo inazibeba. Seli za ngozi nazo ni za kijani, siwezi kuzitofautisha. Tyubu ya kwanza kazi yake ni kuosha sindano. Maelezo yalichukua dakika mbili, pengine pungufu.

Magdalena alishika shavu. "Kumbe ni hivyo? Hilo wazee wangelielewa, Dada. Mtu anapokamua, maziwa ya kwanza si anayamwaga, yaoshe chuchu? Hakuna mzee huku asiyelijua hilo. Ningewaambia hivyo tu."

Alikuwa analia, kwa utulivu, huku akipanga pamba kwenye kopo. Aliuliza kama kuna mgonjwa aliyeumia kwa sababu yake. Nikamwambia hakuna aliyeumia kwa sababu yake, na hilo ni kweli kabisa. Wagonjwa wote wa zahanati hii kanuni imewakinga: hakuna aliyeambiwa kitu, hakuna aliyebadilisha dawa. Aliyeumia ni mmoja, yule niliyempenda hata nikaivunja kanuni kwa ajili yake.

Alhamisi, Mei 14

Nimemwambia Daktari Fabian yote. La tyubu, na la kaka. Sampuli thelathini na nne zimefutwa. Aliuliza mafunzo ya Machi yalichukua muda gani. Nikasema dakika thelathini na tano. Aliuliza nani aliyefundisha, ingawa anajua.

Kwenye ripoti alitaka kuandika "kosa la muuguzi". Nimekataa kusaini. Imeandikwa: sababu ya kanuni haikuelezwa, mkufunzi, Aikaeli. Kuhusu kaka, aliinuka akafunga mlango. Kisha akampigia mwenyekiti wa kamati ya maadili, na daktari wa kemo, mbele yangu. Wamekubaliana kwamba Ebenezeri aambiwe, na achukuliwe damu upya, kwa usahihi, aambiwe na majibu yake kwa kuwa madhara yameshafanyika. Mimi nimesimamishwa kusoma sampuli hadi kamati ikutane. Naosha vioo na kujaza maji yaliyochujwa. Ni adhabu ndogo.

Jumapili, Mei 17

Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, mara ya kwanza kwa juma zima. Nilimkuta kaka jikoni na soksi mikononi. Wifi alikuwa anamenya ndizi. Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, ili nisipate nafasi ya kupamba.

Nilipofika kwenye maziwa ya kwanza aliinua mkono. Alikuwa ameshaelewa.

"Kwa hiyo zile saba ni ngozi."

"Huenda zote ni ngozi. Huenda tano ni ngozi na mbili siyo. Hatujui."

"Pasaka ulijua."

"Pasaka nilidhani najua."

"Mektrida, umesikia?" alisema. "Nimetapika mwezi mzima kwa ajili ya ngozi ya mkono wangu mwenyewe."

Mektrida hakucheka. Aliweka kisu chini. "Nilimvalisha soksi," aliniambia. "Nilimlisha kwa kijiko kama mtoto, naye ananitukana kwa Kichagga cha babu yake. Nilivumilia kwa sababu wewe ulisema umehesabu mara tatu."

Nikasema ndiyo, nilihesabu mara tatu. Nilitaka anitukane, ningepumzika. Badala yake akachukua kisu, akaendelea kumenya, na baada ya muda akasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini nimekuja mwenyewe kusema nimeyamwaga, kwa hiyo nikae. Nikakaa. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula, ila aliniwekea sahani.

Jumatano, Mei 20

Sista Magdalena amemchukua kaka damu, tyubu mbili. Ya kwanza aliimwaga mbele yake. Wifi anasema kaka aliitazama ikiisha kwenye ndoo, akauliza kama ng'ombe wa Magdalena amezaa.

Ijumaa, Mei 22

Amesoma Daktari Fabian. Nilisubiri kwenye korido na ndoo yangu ya vioo. Alitoka akisugua macho. Sifuri. Nilisema asante, nikaingia stoo, nikalia kwa furaha kama dakika tatu. Kisha nikafikiri, na furaha ikaniishia.

Jumapili, Mei 24

Tulikaa barazani. Jua lilikuwa limetoka, kahawa inametameta, tope linaanza kukauka.

"Sifuri," nilisema.

Mektrida akafumba macho akajifanyia ishara ya msalaba, ile ya Kikatoliki aliyotoka nayo Kilema, ambayo miaka thelathini na minane ya Ulutheri haijaiondoa. Kaka hakusogea.

"Kwa hiyo dawa imeziua," alisema, "au hazikuwepo?"

Nilijua atauliza. Ana darasa la saba na ameliona moja kwa moja lile lililonichukua dakika tatu za machozi kuliona.

"Sijui, kaka. Na sasa hakuna kipimo kitakachotuambia. Damu ya kabla ya dawa ndiyo iliyokuwa shahidi, na tuliiharibu."

"Daktari wa kemo anasemaje?"

"Kama Februari. Ni hiari."

Alivua soksi moja, akakitazama kiganja chake kilichobanduka, akakifungua na kukifumba.

"Basi naacha," alisema. "Februari nilichagua nikiwa na akili zangu. Kilichonigeuza ni saba, na saba hazipo."

Nikamwambia asiache. Nilisema maneno mengi, mengine ya kitaalamu, na hakuna hata moja lililokuwa na mguu wa kusimamia. Alinisubiri niyamalize. Mwishoni nikabaki na lile moja.

"Kaka, naogopa."

"Najua," alisema. "Na mimi naogopa. Lakini Pasaka woga wako ulinijia umevaa koti jeupe, nikaudhani ni elimu. Ungekuja hivi ulivyo leo ningekushika mkono, tukaogopa pamoja, na nisingekwenda."

Mektrida alimwangalia yeye, akaniangalia mimi, akainuka kwenda kutazama ng'ombe. Nilibaki. Alinishika mkono, kwa ule usio na soksi, mpaka baridi ikamchoma vidole akaurudisha kwenye soksi.

Jumanne, Mei 26

Dripu ya tatu ingekuwa leo. Nilipita wodini saa nne. Kiti kimepewa mtu mwingine.

Jumatatu, Juni 1

Kamati imekutana. Karipio la maandishi, na nitarudi kwenye hadubini Julai. Mwongozo mpya wa kuchukua damu tumeuandika kwa Kiswahili, mimi na Magdalena, na kila kanuni imewekewa sababu yake chini. Daktari Fabian alitaka kuyaondoa maziwa ya kwanza kwa kuwa si lugha ya kitaalamu. Magdalena alimuuliza kama amewahi kukamua. Yamebaki.

Ijumaa, Juni 5

Hakuna mvua kwa siku kumi. Ndoo zimerudi stoo.

Kaka amekwenda shamba la chini. Vidole bado vinamchoma asubuhi, lakini alikaa kwenye kiti na kumwelekeza Jesse jinsi ya kupalilia ile mistari iliyopinda. Wifi anasema alipiga kelele hadi majirani wakaja. Anakula.

Septemba atashuka Moshi kupigwa picha na kuchukuliwa damu. Nimemwomba Daktari Fabian aisome yeye, na kadi yake wasinionyeshe. Siku hiyo nitachukua likizo. Nitakaa nje, kwenye lile benchi la ndugu, katikati ya Mektrida na mtu nisiyemjua, nisubiri kuitwa.